Nusu milimita iliyonila wiki nzima

Haya wapendwa, mambo vipi? Niko Massachusetts, nje theluji, ila subirini muone baridi ya kweli. Mnaisikia ile chwii, chwii, chwii? Hilo ndilo friji letu linapumua. Kule chini kabisa, likishapoa, ni kama sehemu moja ya mia ya digrii juu ya sifuri halisi, yaani baridi ya mwisho kabisa isiyopitika. Anga za mbali ziko digrii 2.7 juu ya sifuri hiyohiyo, kwa hiyo kwetu humu anga ni jiko.

Shangazi kaniuliza kwenye komenti, "Mwanangu, huko unatengeneza nini hasa?" Shangazi, tazama hiki kisanduku cha alumini, kinatosha kiganjani. Ndani yake tunaweka kyubiti, yaani biti ya kompyuta ya kwanta, inayotunza sifuri au moja: ni kijisakiti kilichochorwa juu ya kipande cha yakuti. Kisanduku kinafungia mawimbi ya maikrowevu ya gigahezi kadhaa, majirani wa Wi-Fi yako.

Kyubiti haipendi kuchokonolewa. Basi tunafanya kama wewe ukinunua nazi: huipasui, unaigonga, unasikiliza. Tunakigonga kisanduku kwa wimbi dogo. Kyubiti ikiwa sifuri, kinaitika kwa sauti moja. Ikiwa moja, sauti inahama kidogo. Jirani zetu wa Chuo Kikuu cha Yale walionyesha mwaka 2004 kwamba sakiti na fotoni moja tu, yaani chembe moja ya wimbi, zinaweza kushikana hivyo. Na Paris, mwanafizikia Serge Haroche, mzaliwa wa Casablanca (Afrika hiyo, jamani!), alizihesabu fotoni bila kuziua, kwa atomu zilizopita kati ya vioo viwili. Nobel ya 2012.

Sasa sogeeni. Mnakiona hiki kisindano, chembamba kama njiti ya kiberiti? Hapa ndipo wimbi linapoingilia na kutokea. Kikizama sana ndani, unasoma haraka, lakini kyubiti nayo inavujisha nguvu zake kupitia mlango huohuo. Kikiwa kifupi mno, fotoni inatulia humo raha mustarehe, ila jibu utalingoja mpaka kyubiti ishasahau ilichokuwa inakumbuka.

Mimi nilikiacha kirefu kupita kiasi kwa nusu milimita. Nusu tu! Kyubiti ikawa inakufa kabla sijaisoma. Na friji hili hulifungui kama la soda: siku kadhaa kulipasha, siku kadhaa kulipoza tena. Wiki nzima ikaliwa.

Jana nimekipunguza kwa tupa, nikakipima mara tatu. Usiku huu tunapoza upya. Shangazi, nitumie dua kwa WhatsApp.