Ngwe Tisa kwa Mkono Mmoja

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Wengi wetu hapa tumekuzwa na soka, kwa hiyo nianzie langoni. Kipa akimaliza mechi bila kufungwa tunamsifu sana. Besiboli nayo inayo sifa ya namna hiyo, ila masharti yake ni mazito: mrushaji, yule anayemrushia mpira mpigaji, auanze mchezo yeye, aumalize yeye, ngwe zote tisa, yaani vipindi vyote ambavyo kila timu hupata zamu ya kupiga, na wapinzani wasiambulie hata alama moja. Akipokewa na mwenzake njiani, sifa inabaki kwa timu. Yeye haandikiwi kitu.

Aliyeandikiwa mara nyingi kuliko wote ni Walter Johnson wa Washington: michezo 110, kati ya 1907 na 1927. Misimu saba aliongoza ligi yake kwa hesabu hiyo. Lakini mimi kila nikimsoma narudi kwenye siku nne tu za Septemba 1908, akiwa kijana wa miaka 20. Ijumaa tarehe 4 aliwanyima alama Highlanders wa New York, ambao leo ndio Yankees: 3–0. Jumamosi akapanda tena kilimani, kwenye kituta anachosimama mrushaji: 6–0. Jumapili sheria ya New York ilikataza mchezo, akapumzika. Jumatatu wenyeji wanatoka, wanamkuta ni yule yule! 4–0. Hebu ufikirieni mkono ule mrefu, uliokuwa ukizunguka kwa ubavuni badala ya juu ya bega, ulivyoamka asubuhi ile ya Jumatatu.

Mwaka 1968 Bob Gibson wa St. Louis alikamilisha michezo 13 ya aina hiyo, mitano kati yake mfululizo. Alikuwa akirusha kwa nguvu zote hadi mwili unamwelemea kushoto, utadhani anaanguka. Kwa wastani aliruhusu alama 1.12 kwa kila ngwe tisa, bila kuhesabu zilizotokana na makosa ya wenzake, na bado alipoteza michezo tisa, mmoja wao 1–0 mbele ya San Francisco. Warushaji walitawala mno mwaka ule. Msimu uliofuata kilima chao kikashushwa kutoka inchi 15 hadi 10.

Siku hizi michezo miwili yaweza kutosha kuongoza ligi; imewahi kutosha hata mmoja. Sababu naijua na naiheshimu: bega la mrushaji huumia, na mpigaji akishakuona mara mbili, ya tatu anakujulia. Benchini nako kuna mtu mwenye mkono mbichi anayesubiri.

Hata hivyo, roho huniuma ninapotazama ngwe ya saba. Ubao unaonyesha sifuri, kijana hajachoka, na kocha anatoka taratibu kumfuata. Hawasemezani sana. Kijana anamkabidhi kocha mpira, anateremka kilimani, na uwanja mzima unasimama kumpigia makofi kwa kazi ambayo hakuachwa aimalize.