Tuta Si Kirukio: Mhadhara kwa Waendesha Baiskeli za Milimani

Ndugu mwenyekiti, ndugu waendeshaji, asanteni kwa kunialika tena. Wanaonijua wanajua neno nitakalosema, kwamba tuta la boma la kale si la kurukia, na nawaona wawili kule nyuma wameshaanza kutabasamu. Vumilieni. Nitaacha kulisema siku nitakapopita kwenye tuta la boma la kale nisikute alama ya tairi juu yake.

Sitaeleza baiskeli ya milimani ni nini. Mnazo, tena zenu ni ghali kuliko yangu. Habari za Mlima Tamalpais kule California, mashindano ya Repack ya 1976, breki zilizochemka hadi grisi ikaungua na kulazimika kupakwa upya, zote mmezisikia. Kila mhadhara wa baiskeli huanzia huko na aghalabu huishia huko huko. Mimi nataka tuzungumze juu ya kilicho chini ya gurudumu.

Chukueni njia ya Ridgeway, kusini mwa Uingereza. Kilomita 139, kutoka Overton Hill, karibu na duara la mawe ya kale la Avebury, hadi Ivinghoe Beacon. Upande wa magharibi, mpaka Mto Thames, mwenye baiskeli ana ruhusa. Ukishika njia hiyo unapita maboma ya Barbury, Liddington, Uffington na Segsbury, na katikati unakuta kaburi la kale la Wayland's Smithy. Ni nchi ya mashamba, kondoo na upepo. Watu wanakwenda, wanapiga picha kwenye kila kibao cha maelezo, wanarudi wakisema wameona historia. Mimi nauliza: na kule kati ya kibao na kibao mlikuwa mnaendesha juu ya nini?

Ngoja niwasimulie kisa. Mliokwisha kukisikia, chezeeni simu zenu. Nilikuwa ndani ya boma moja la Zama za Chuma, silitaji, maana nikilitaja wiki ijayo nusu yenu mtakuwa huko. Nikamkuta kijana juu ya tuta, ana koleo fupi la kukunja. Ameshakata majani, kayaweka pembeni kwa mpangilio, kapunguza kilele cha tuta, udongo kaupigapiga ukawa mteremko laini wa kurukia. Kazi safi, sikatai. Nikamsalimu, akaitikia kwa adabu. Kisha akaniuliza kama naijua njia ya kwenda bomani, kwa sababu simu inamwonyesha boma liko hapo hapo, naye amezunguka asubuhi nzima haoni ukuta, haoni mnara.

Nikamwambia, umesimama juu yake.

Akatazama viatu vyake. Akatazama koleo. Akaniambia maneno ambayo ndiyo sababu hasa ya mimi kusimama hapa: "Lakini huu ni udongo tu."

Haya, na tuutazame huo udongo. Boma la aina ile halikujengwa kwa mawe na chokaa. Watu walichimba handaki, wakaurusha udongo na vifusi vya chaki, ule mwamba laini mweupe wa vilima vile, upande wa ndani, pengine wakaushikilia kwa magogo yaliyosimamishwa. Magogo yalioza zamani, lakini mashimo yake yamebaki, na mwanaakiolojia aliyezoea huyaona kama duara la udongo wa rangi tofauti. Chini kabisa ya tuta kuna mstari wa giza, ndio uso wa ardhi kama ulivyokuwa asubuhi ile kazi ilipoanza. Katika mstari huo mna maganda ya konokono, madogo, mengine hayafiki ukubwa wa punje ya mchele. Ardhi ya chaki huyatunza maganda. Wako konokono wa msituni na wako wa uwandani, kwa hiyo mtaalamu akiyahesabu anaweza kusema kama kilima kilikuwa msitu au malisho kabla boma halijajengwa. Hayo yote yamo kwenye "udongo tu". Koleo likishapita, tabaka la juu na la chini yanakuwa kitu kimoja, na hakuna maabara duniani ya kuyatenganisha.

Na wewe usiyebeba koleo usijione umesalimika. Sikiliza habari ya Farasi Mweupe wa Uffington, yule aliyechorwa mlimani, urefu wake kama mita 110. Wengi wanadhani watu walikwangua majani tu, chaki ikaonekana. Sivyo. Walichimba mitaro, wakaijaza chaki iliyopondwa na kushindiliwa, na tangu hapo vizazi na vizazi vimekuwa vikipanda kuisafisha, la sivyo majani yangelimeza umbo lote. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alifunikwa ili marubani wa Ujerumani wasimfanye alama ya kujua walipo. Umri wake ulijulikana vipi? Hakuna mbao wala mfupa kwenye umbo lenyewe. Wanasayansi walichukua udongo kutoka kwenye mitaro, wakapima ni lini chembe zake ziliangazwa na jua kwa mara ya mwisho. Jibu lilikuwa kati ya mwaka 1380 na 550 Kabla ya Kristo. Sasa fikirini. Saa ya kipimo hicho ni giza. Chembe ikiona jua, saa inaanza upya, na umri wote ule unafutika. Wewe unashuka kwenye tuta, unaogopa, unabana breki ya nyuma mpaka gurudumu linasimama, tairi linaburuta, linachana majani na kufunua udongo ambao haujaona jua tangu kabla ya Warumi. Haikuchukua hata sekunde tatu, na hukubeba koleo.

Najua atainuka mtu aseme: mzee, mbona kwato za farasi zinaharibu zaidi? Ni kweli, hata utafiti uliofanyika Montana na kuchapishwa mwaka 1994 ulikuta farasi wanafumua udongo wa njia kuliko magurudumu. Nawapa hilo bila ugomvi. Lakini utafiti ule ulihusu njia, na mimi nasemea tuta. Isitoshe, ubaya wa gurudumu lililofungwa ni kwamba linachora mfereji mmoja, ulionyooka, unaoelekea bondeni. Mvua ikija inaukuta mfereji umeshaandaliwa, inateremka nao, inaukata zaidi. Atakayekuja nyuma yako anaona mkato, anadhani ndiyo njia, anapita hapo hapo. Halafu kondoo wanautumia kujikinga na upepo. Miaka michache baadaye tuta lina pengo, na hakuna hata mmoja aliyefanya kosa kubwa.

Mwingine atasema: hao wa kale wenyewe walipita na mikokoteni, njia zilichimbika mpaka zikawa makorongo, leo mnaziita urithi. Hoja nzuri, na ningependa isemwe na mtu aliyewahi kuendesha ndani ya korongo kama hilo polepole. Ni kweli njia zile zimezama kwa miguu, kwato, magurudumu na maji ya mvua, katika mamia ya miaka. Hapo mtu aendeshe kwa raha zake. Njia imezaliwa kwa kupitwa. Ninachokataa ni kupanda ukingo wa korongo kwa sababu chini kuna tope.

Hapo niongeze jambo moja. Ridgeway inasemwa kuwa ya miaka 5,000, na wanaakiolojia bado wanabishana kama ni njia moja ya zamani kiasi hicho. Lisilobishaniwa sana ni kwamba kwa muda mrefu haikuwa mstari mmoja. Yalikuwa mapito mengi sambamba mgongoni mwa vilima, kila msafiri akichagua pakavu. Katika karne ya 18 mashamba yalipogawanywa kisheria na kuzungushiwa tuta na ua wa miiba, msafara wote ukabanwa kwenye ukanda mmoja. Ndiyo maana dimbwi la leo si kama dimbwi la zamani. Ukilikwepa kwa pembeni unaipanua njia kwenye shamba la mtu au kwenye mguu wa kaburi. Pita katikati ya dimbwi. Utachafuka, ndiyo, lakini ulinunua baiskeli ya milimani, hukununua kochi. Na kama njia yote imeloa, rudi wiki nyingine. Chaki iliyolowa inateleza kama sabuni, na mtu anayeteleza hubana breki, tunarudi pale pale.

Wayland's Smithy sitakaa sana, ingawa napapenda kuliko mahali pengine pote njiani. Watu 14 walizikwa hapo katika kaburi la kwanza, zaidi ya miaka 3,500 Kabla ya Kristo, kisha likajengwa kubwa juu yake. Wenyeji walisimulia kwamba ukiacha farasi wako na sarafu, ukarudi baadaye, utamkuta amepigwa kiatu na Wayland, mhunzi asiyeonekana. Nimeona watu wakiegemeza baiskeli kwenye yale mawe makubwa ya mlangoni, nadhani wakingoja gia zirekebishwe. Hazirekebishwi. Pedali inakwaruza jiwe na kuvu lililoota juu yake kwa miaka mingi. Laza baiskeli kwenye majani, mbali. Na sarafu msizichomeke kwenye nyufa.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo sheria nitazitaja mbio mbio. Uingereza, sheria ya mwaka 1968 inaruhusu baiskeli kwenye njia za farasi, kwa sharti la kumpisha anayetembea na aliyepanda farasi. Njia ya waenda kwa miguu si yako. Ndiyo maana South Downs Way, kilomita 160 kutoka Winchester hadi Eastbourne, unaipita yote kwa baiskeli, lakini ile njia ya ukuta wa Hadrian, ukuta wa kale wa Warumi, ni ya miguu, na wenye baiskeli wana njia yao namba 72. Kuchimba kwenye mabaki ya kale yaliyosajiliwa bila kibali ni jinai tangu sheria ya 1979, kijana wa koleo alikuwa hajui. Scotland wana mpango mwingine, sheria ya 2003, uhuru mpana zaidi, ila ni uhuru wa mtu mwenye busara. Italia, kwenye Via Appia, barabara ya kale ya Warumi iliyoanza kujengwa mwaka 312 Kabla ya Kristo, unaweza kupita kwenye mawe yenyewe ya zamani, na meno yatagongana mpaka uombe lami.

Programu za simu. Nilikuwa na mengi ya kusema hapa. Mstari mwekundu kwenye ramani ya simu maana yake wengi wamepita. Hausemi kwamba inaruhusiwa, na hausemi kwamba chini yake hakuna kaburi. Ramani za serikali za Uingereza huandika mabaki ya kale kwa herufi za mtindo wa zamani, zenye madoido. Ukiziona mbele yako, punguza mwendo kabla hujafika, ili ukifika usihitaji kubana breki. Anayetaka kuingia ndani ya boma ashuke, abebe baiskeli begani, apite mlangoni. Kila boma lina mlango, liliwekewa tangu mwanzo.

Baiskeli za umeme nimeziruka. Haya, maswali.