Kidonge hakifiki ndani ya jino lililokufa

Nalisema tena, na nitaendelea kulisema hadi maduka ya dawa ya hapa Moshi yaache kumuuzia antibiotiki za amoksilini na metronidazoli kila anayeingia ameshika shavu. Jino lililokufa kiini halina damu ndani, na dawa ya kumeza husafiri kwa damu. Itafika kwenye ufizi na mfupa, uvimbe utashuka, mgonjwa atashukuru, huku bakteria wa mfereji wa mzizi wakibaki walivyokuwa. Shavu litavimba tena, na atarudi dukani kununua zilezile.

Mtaniambia: mbona maabara inaonyesha dawa inawaua? Inawaua kwenye sahani ya maabara! Mchukueni bakteria Enterococcus faecalis, anayekutwa mara nyingi kwenye mizizi iliyozibwa ikakataa kupona. Metronidazoli haimwezi, kwa sababu ni dawa ya wasioishi na oksijeni, na huyu huishi nayo au bila hiyo. Amoksilini kwa kawaida inamuua, ikimfikia. Lakini yumo kwenye vijitundu vya dentini, ukuta wa ndani wa jino, kajifunika utando, kaing'ang'ania kolajeni, nyuzi za dentini hiyo, kwa protini ya jeni ya ace.

Wala sisemi antibiotiki zitupwe. Homa ikiwapo, au uvimbe ukianza kushuka shingoni, mpe dawa bila kusita, na usaha utolewe siku hiyohiyo.

Sasa jeni. Majibu ya PCR, kipimo cha kutafuta DNA, yakisema jeni ya gelE ipo, watu wanaandika "bakteria mkali". Kwa ushahidi gani? PCR husoma hata DNA ya waliokufa. Na gelE, inayotengeneza kimeng'enya cha kukata kolajeni, huwashwa na mfumo wa fsr: bakteria wanatoa peptidi, wakiwa wengi inajaa, ndipo jeni inafunguka. Wapo waliopoteza kipande cha DNA cha besi zipatazo 23,900 chenye jeni za mfumo huo: fsrA, fsrB na sehemu ya fsrC. Jeni ya gelE wanayo nzima, kimeng'enya hakitoki. Mpande bakteria huyo kwenye agari ya jelatini, uone kama duara la ukungu, alama ya kimeng'enya, linamzunguka.

Wengine wanategemea kalsiamu haidroksaidi, dawa ya kuwekwa ndani ya mfereji. Ina alkali kali, pH ya 12.5, kwenye mfereji, lakini dentini huipunguza nguvu, na bakteria huyu husukuma protoni ndani ya seli yake akastahimili hadi karibu 11.

Muda unakwisha; tiba yenyewe ni kuusafisha mfereji. Raba ya kutenga jino ifungwe kabla ya kufungua mfereji, la sivyo mate yanaingiza bakteria wapya. Hipokloriti ya asilimia 2.5, dawa ya kuoshea mfereji, ibadilishwe mara kwa mara, maana ikigusa tishu inachoka. Sindano iwe ya tundu la ubavuni, ikome milimita 2 kabla ya urefu wa kazi, yaani mwisho wa sehemu ya mfereji inayosafishwa, isikwame, na dawa usiisukume kwa nguvu: ikitoka nje ya ncha ya mzizi ni maumivu makali, uvimbe na damu papo hapo. Kisha EDTA ya asilimia 17, kimiminika cha kuondoa masalia ukutani mwa mfereji, kwa dakika moja. Kizibo cha muda kisipungue kina cha milimita 3.5, kikiwa chembamba mate yanapenya.