Bibi wa Tabata ndani ya gari-nyumba: safari yetu ya Gettysburg

Wapenzi watazamaji, hamjambo? Wakubwa zangu, shikamooni. Leo siko Ohio, Marekani. Hiyo honi mnayoisikia ni ya bajaji: niko Tabata, kibarazani kwa Mama, umeme umekatika tangu adhuhuri na najipepea kwa mfuniko wa ndoo. Sauti ikikwaruza mnivumilie, leo ni simu peke yake.

Mmenijazia komenti: ile safari ya Bibi na basi lenye kitanda, mbona hukuimalizia? Nilirusha vipande vichache vya Bibi akisonga ugali kambini, mkacheka, nikanyamaza. Leo naisimulia yote. Bibi mwenyewe, yaani Mama yangu, bibi wa wanangu, yuko humo ndani anachambua mchele na dirisha liko wazi, kwa hiyo nikiongeza chumvi mtamsikia.

Mama alikuja Columbus, kule kule Ohio, kututembelea. Mnaowajua wazee wetu wakifika kule mnajua inavyokuwa. Mwanzoni kila kitu kizuri, lifti nzuri, maji ya moto mazuri. Baadaye anaanza kushinda dirishani. Watoto wako shule, mimi na mume wangu tunapishana zamu, jirani unamjua kwa mlio wa mlango wake tu. Na Mama ni mtu wa Tabata, hapa ukipita bila kusalimia unaulizwa kama unaumwa. Sasa nyuma ya jengo letu kulikuwa na mzee ameegesha RV, lile gari-nyumba, dude refu jeupe lenye mapazia. Kila asubuhi Mama analichungulia. "Lile ni basi au nyumba?" Nikamwambia vyote viwili, wastaafu wa huku wanazunguka nalo nchi nzima. Akakaa kimya kidogo. "Linakodishwa?"

Mimi nilitaka twende Niagara, nipate video nzuri, sifichi. Lakini mjukuu mkubwa alikuwa na kazi ya shule kuhusu Gettysburg, na Mama akamuuliza huko kulitokea nini. Mtoto akamweleza: vita vya wenyewe kwa wenyewe, Kusini wanataka kujitenga waendelee na utumwa, Kaskazini wanakataa, wakakutana kwenye kamji ka Pennsylvania tarehe 1 hadi 3 Julai 1863. Siku 3 tu, na watu wapatao 51,000 wakauawa, wakajeruhiwa, wakatekwa au wakatoweka. Mama akasema maji yanayoporomoka ameshayaona, yeye apelekwe mahali palipotokea jambo. Kesi ikaisha.

Sasa niwaambie habari ya gari-nyumba, maana picha za mtandaoni zinadanganya. Lile tulilokodi leseni ya kawaida inatosha. Ndani kuna jiko la gesi, friji, meza ya kulia inayogeuka kitanda, kitanda kingine juu ya kichwa cha dereva, na bafu ambalo ukiinama kuokota sabuni, kiwiko kinafungua mlango. Mafuta linakunywa hasa: lita moja haikutufikisha mbali zaidi ya kilomita 4. Ukifika kambini unapewa nafasi yako, yenye nguzo ya kuchomeka umeme na bomba la maji, majirani wanakupungia mkono kana kwamba mmesoma wote. Mama alitaka awe anapika tukiwa njiani, nikamwambia hapana, wote mikanda, hata yeye. Hakupenda. "Nyumba gani hii mtu haruhusiwi kusimama jikoni kwake?"

Halafu kuna matenki. Moja la maji safi, moja la maji ya kuogea na kuoshea vyombo, na lile la tatu. Lile la tatu unalimwaga mwenyewe, kwa mikono yako na glavu zako, unaunga bomba nene unalielekeza kwenye shimo, unaomba Mungu limeshika vizuri. Lazima uanze na hilo, ndipo ufungulie la maji ya vyombo lisafishe bomba. Mimi nimeinama pale, Mama amesimama pembeni na khanga yake, wajukuu wamebana pua, ananiambia: "Nimeuza kiwanja ukasome Marekani, kumbe umekuwa gari la majitaka."

(Mmemsikia? Anasema alisema kweli.)

Njia yenyewe ni zaidi ya kilomita 500, kama mtu anayetoka hapa kwenda Iringa. Barabara ya kulipia inakupitisha ndani ya mlima kwa handaki, kisha tukashika barabara namba 30, milima, kona, mteremko, nikashika usukani na kumkumbuka kila dereva wa basi wa Kitonga niliyewahi kumtukana moyoni. Ukivuka milima unafika Chambersburg, na mjukuu mkubwa akaanza kusoma kwenye simu yake kwa sauti. Jeshi la Kusini la jenerali Robert E. Lee lilipita upande huu kwenda Gettysburg. Na kabla ya vita, wanajeshi hao walikuwa wanawakamata watu weusi wa maeneo haya, wakiwemo waliozaliwa huru, wanawake na watoto, wanawapeleka Kusini utumwani. Watu weusi wa Gettysburg waliposikia wakakimbia.

Mama akamtafutia mtoto macho kwenye kioo. "Barabara hii hii?" Mtoto akasema maeneo haya haya, Bibi. Basi toka hapo hakuna aliyeomba nisimame tununue chipsi.

Gettysburg ni kubwa. Uwanja wa vita hauna kiingilio, unalipia makumbusho. Gari-nyumba tukaliacha kituo cha wageni, maana njia za ndani ni nyembamba, tukapanda basi lenye mwongozaji. Waongozaji wa pale hufanya mtihani wa leseni, na huyu wetu alikuwa anajua kila jiwe limewekwa na kikosi gani. Na mawe yapo! Minara na sanamu zaidi ya 1,300, farasi, mizinga, majenerali. Mnara wa jimbo la Pennsylvania una mabamba ya shaba yenye majina zaidi ya 34,000 ya wanajeshi wa jimbo hilo. Tuliwakuta watu wazima wamechuchumaa, wanapitisha kidole kutafuta babu wa babu yao. Mama alilielewa hilo haraka kuliko mimi. "Wanatafuta ukoo."

Kuhusu mapigano yenyewe nitapita haraka, mwongozaji alimaliza saa mbili nzima na mimi nilikuwa nambeba kitinda mimba aliyelala. Kikubwa ni siku ya tatu, Lee alipowatuma wanaume wapatao 12,500 wavuke uwanja mtupu, zaidi ya kilomita moja, mizinga inawatazama. Wakarudi kama nusu. Pale ukisimama unaona mwanzo na mwisho wa ule uwanja bila kugeuza shingo, na unajiuliza aliyetoa amri ile alikuwa anaangalia wapi.

Mama alikuwa hatazami majenerali. Alikuwa anatazama nyumba. Kuna kibanda cheupe cha mbao juu ya kilima, karibu kabisa na pale mashambulizi yalipoishia, akauliza ya nani. Ya Abraham Brian, mkulima mweusi, mtu huru, alikuwa na shamba lake pale. Alikimbia na familia yake kabla jeshi la Kusini halijafika. Aliporudi alikuta nyumba imetobolewa risasi, uzio umekwenda, shamba limekanyagwa na makaburi yamechimbwa humo. Akaidai serikali fidia, zaidi ya dola 1,000. Akapewa dola 15.

Hapo ndipo Bibi alipochangamka kabisa. Dola 15! Ninyi watu wa Dar mliowahi kuandikiwa alama nyekundu ya kubomolewa ukutani mnajua Bibi alisema nini, na sitarudia hapa, watoto wanatazama.

Tukaendelea kwa utaratibu wake, sio wa mwongozaji. Nyumba ya Jennie Wade: binti wa miaka 20, alikuwa kwa dada yake aliyetoka kujifungua, anakanda unga wa mkate, risasi ikapita milango miwili ikamkuta. Ndiye raia pekee aliyeuawa moja kwa moja kwenye mapigano yale. "Alikuja kumwangalia mzazi," Mama akasema, na akataka aone hilo beseni la unga liko wapi. Halafu sanamu ya Elizabeth Thorn, mjamzito ameshika koleo. Mumewe, mlinzi wa makaburi, alikuwa jeshini, yeye akabaki kushika kazi. Ana mimba ya miezi 6, joto la Julai, akazika wanajeshi wapatao 100 akisaidiwa na baba yake mzee. Mama akaizunguka ile sanamu, akasema huyu ndiye jenerali, mpigeni picha huyu.

Na kuna Basil Biggs, mtu mweusi aliyechukua kandarasi ya kufukua maiti za wanajeshi wa Kaskazini waliozikwa ovyo mashambani, yeye na vibarua wake, wakawahamishia kwenye makaburi ya taifa. Hayo ndiyo makaburi Rais Abraham Lincoln aliyokwenda kuyazindua tarehe 19 Novemba 1863 kwa hotuba ya dakika 2 inayosomwa mashuleni mpaka leo. Aliyemtangulia jukwaani, Edward Everett, alizungumza kwa saa 2. Mama: "Huyo wa saa mbili ndiye mgeni rasmi wa kwetu." Biggs mwenyewe hakuzikwa pale. Yuko makaburi ya Lincoln, ya watu weusi, upande mwingine wa mji, pamoja na wanajeshi weusi walioitumikia Kaskazini kwenye vita hivyo.

Kwenye makaburi ya taifa kuna vijiwe 979 vya watu wasiojulikana. Vidogo, vina namba tu. Kitinda mimba akaanza kuvihesabu kwa Kiingereza, Bibi akamwambia hesabu kwa Kiswahili, akafika kumi na moja akakwama.

Usiku kambini, ugali na dagaa, yule wa kati akauliza: "Bibi, na kwenu kulikuwa na vita?" Jamani. Mama ni Mngoni, amezaliwa Songea, Tabata aliletwa na ndoa. Watoto wangu wanajua jina la farasi wa Lee, anaitwa Traveller, lakini Majimaji hawajaisikia. Akawapa, mezani pale pale kabla hatujaigeuza kitanda. Kinjeketile wa Ngarambe na maji ya kugeuza risasi. Mwaka 1905. Wajerumani walivyochoma mashamba na maghala, njaa ikamaliza watu kuliko bunduki. Viongozi wa Wangoni walionyongwa Songea tarehe 27 Februari 1906, wakazikwa shimo moja. Babu yake Mama alikuwa mtoto mdogo wakati huo, yeye aliyapata kwa babu. Mjukuu mkubwa akaenda kutafuta na kusoma kwamba waliokufa wanakadiriwa kati ya 75,000 na 300,000. Akaniangalia mimi, sio Bibi. "Mbona hukutuambia?"

Ndiyo maana mnaniona hapa. Tumekuja wote. Juzi niliwapeleka Posta kwenye Mnara wa Askari, wakauzunguka wakitafuta majina kama walivyozoea Pennsylvania. Mnara ule ni wa 1927, una maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na yanawakumbuka askari wa Kiafrika wa vita vya 1914 hadi 1918, hata wapagazi wametajwa, wanaitwa miguu na mikono ya jeshi. Jina la mtu, hamna. Yule wa kati akaniuliza yameandikwa upande gani, nikamwambia hayapo, akasema basi mwongozaji atajuaje. Sisi tumepita pale maisha yetu yote tukikimbilia daladala, na mimi swali hilo halijawahi kunijia.

Wiki ijayo tunakwenda Songea, makumbusho ya Majimaji. Zaidi ya kilomita 900, gari-nyumba hakuna, tunapanda basi Mbezi alfajiri kama watu wote. Bibi ameshatangaza kwamba safari hii mwongozaji ni yeye, na leseni anayo kwa kuzaliwa. Kwa hiyo mlioko Songea naomba msaada: nyumba ya wageni safi, yenye vyumba viwili vinavyofuatana, isiwe mbali na makumbusho, na mama lishe anayepika vizuri. Bibi anaongezea humo ndani: choo kiwe cha kawaida, kisiwe cha kumwaga.