Kikohozi si Kimoja: Mafua na Kifua kwa Macho ya Ayurveda

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama mliokuja na watoto, ahsanteni kwa kuacha shughuli zenu.

Nilipokuwa nasoma famasia India, katika mji wa Jamnagar, Gujarat, baridi ya Januari ilinikuta sina hata sweta. Mimi na mwenzangu wa chumba tukaanza kukohoa wiki moja. Mama mwenye nyumba akatupeleka kwa vaidya, ndivyo wanavyomwita tabibu wa Ayurveda, tiba ya jadi ya India. Mzee yule alinishika mkono akasikiliza mshipa, akatazama ulimi, kisha maswali yakaanza. Kikohozi kinakushika saa ngapi? Kikavu au kina makohozi? Makohozi yana rangi gani, mepesi au yanavutika? Kifua kinawaka? Jana usiku umekula nini?

Tulitoka pale na dawa mbili tofauti. Mimi nilikuwa na kikohozi kikavu cha usiku, kile cha kukwaruza koo. Nikapewa unga mtamu wa kulamba na asali na samli. Mwenzangu kifua kilikuwa kinakoroma. Akapewa unga mkali unaochoma ulimi, akakatazwa mtindi, ndizi na maji ya baridi.

Hilo ndilo nililokuja kulisema leo. Sisi tukishikwa na kifua tunauliza: dawa ya kikohozi ni ipi? Vaidya huuliza kwanza: ni kikohozi gani?

Charaka Samhita, mojawapo ya vitabu vikongwe vya tiba hiyo, kimeandikwa kwa Kisanskriti na kinahesabu vikohozi vitano. Vitatu hutokana na nguvu tatu zinazoendesha mwili: vata, yenye ukavu na upepo, pitta, yenye moto, na kapha, yenye ubaridi, uzito na ute. Waliolelewa na wazee wa pwani wanaosema balghamu na safura hawatapata taabu kuelewa. Cha nne ni cha jeraha la kifua, mtu hukohoa damu. Cha tano ni cha mwili unaokonda na kuisha. Hicho cha tano nitakirudia, mnikumbushe nikisahau.

Ule unga wangu mtamu unaitwa sitopaladi, na mama mwenye nyumba alinionyesha unavyotengenezwa. Hesabu yake inapendeza: sukari ya mawe mafungu 16, tabashiri mafungu 8, yaani ule utomvu mweupe ulioganda ndani ya mianzi, pippali mafungu 4, iliki 2, mdalasini 1. Kila kimoja ni nusu ya kilichotangulia. Pippali ni pilipili ndefu, ndugu wa pilipili manga. Alitwanga kila kitu peke yake kwenye kinu cha chuma, akachunga kwa kitambaa chepesi, akarudia kutwanga makapi mpaka unga ukawa laini kama poda ya mtoto. Unga ukiwa na chenga, alisema, utakukoholesha badala ya kukutuliza. Mwenye kisukari na apige hesabu hapo: katika mafungu 31, 16 ni sukari. Unga huo si wake.

Unga wa mwenzangu ni trikatu, maana yake vikali vitatu: tangawizi kavu, pilipili manga na pippali, kwa vipimo sawa. Huo ni wa makohozi mazito na mafua ya kuziba pua. Mwenye vidonda vya tumbo akiunywa kwa kufuata mkumbo, atajuta usiku huohuo.

Mmea mmoja nataka mwondoke mnaujua. Unaitwa vasaka, kichaka chenye majani machungu na maua meupe, na vaidya wameutumia kwa kifua karne nyingi. Ndani yake mna kemikali iitwayo vasisini. Wanakemia waliifuata hiyo wakatengeneza dawa ya bromheksini, na kutoka kwake ikapatikana ambroksoli, ile iliyomo kwenye baadhi ya dawa za maji za kulainisha makohozi mnazouziwa dukani. Kwa hiyo anayesema majani haya ni ushirikina, huenda chupa iliyo kabatini kwake ina asili ya majani hayohayo. Lakini vasaka hiyohiyo husukuma mfuko wa uzazi. Mjamzito asiiguse.

Chakula je? Vaidya wanaamini moto wa tumbo hufifia mtu akiwa na mafua, basi wanapunguza mzigo: supu nyepesi ya choroko yenye tangawizi, wali laini, maji ya uvuguvugu kunywa kidogo kidogo. Mtindi usiku hawautaki kabisa. Maziwa yenye manjano ambayo siku hizi kila mtu anayasifia, wao huyapenda zaidi kwa koo kavu kuliko kifua kinachokoroma. Ukiyatengeneza, nyunyiza pilipili manga kidogo: utafiti wa mwaka 1998 ulionyesha kiini cha manjano huingia mwilini mara nyingi zaidi kikiandamana na kiini cha pilipili manga.

Asali ndiyo ninayoitetea bila kusita. Tafiti za hospitali zimeonyesha inapunguza kikohozi cha usiku kwa watoto. Vaidya wana masharti mawili: isipikwe, na ikichanganywa na samli visilingane uzito. Sharti la tatu ni la kwangu kama mfamasia, na ndilo zito kuliko yote: mtoto asiyetimiza mwaka asipewe asali, hata tone la kuramba kidoleni, kwa sababu ya vijidudu vinavyoweza kumlegeza misuli mpaka ashindwe kupumua.

Jingine linaloniuma ni vidonge vya kununua bila kujua vimetoka wapi. Mwaka 2004 watafiti walichapisha matokeo ya kupima bidhaa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani Boston, Marekani. 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Tangawizi uliyoimenya mwenyewe haina siri hiyo.

Sasa kile kikohozi cha tano. Vitabu vya kale vinakieleza kuwa kigumu mno, na mwenye mwili dhaifu alihesabiwa haponi. Mtu anakonda, anakohoa usaha na damu. Leo tukisikia maelezo hayo tunafikiria kifua kikuu, na kifua kikuu kinapona kwa vidonge vya hospitali. Ukikohoa wiki mbili, au ukitoka jasho usiku na kupungua uzito, weka kinu chini ukapime makohozi. Na mtoto mwenye kikohozi, mvue shati, hesabu pumzi zake dakika nzima akiwa ametulia. Wa miezi 2 hadi 11 akifika pumzi 50, au wa mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza mitano akifika 40, au mbavu zikiingia ndani, beba mtoto, nenda hospitali. Usichemshe chochote.

Nimechemsha birika pale nyuma la dawa ya kunywa ambayo vaidya huiita kadha: mrehani, mdalasini, pilipili manga, tangawizi kavu na zabibu kavu, vikombe vinne vya maji vimerudi kimoja, nikazidisha vipimo ili tutosheke. Asali iko pembeni kwenye bakuli. Msiitie mpaka kikombe kishikike mkononi.