Stoo, Mchapakazi Asiyelala

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo tulipanga kuzungumzia namna ya kuongeza watumiaji na kupanga timu kwenye programu ya kazi, na Kaka Elia amekuja na mambo yake matatu. Kabla hajaanza, niseme kwamba wiki hii niliitwa kwenye ghala moja la saruji huko Temeke kuwafungulia akaunti vibarua wapya. Katika orodha ya watumiaji nikamkuta mtu anayeitwa Stoo, ambaye kwa mujibu wa kumbukumbu alipokea mzigo saa nane mchana, akaidhinisha upungufu wa mifuko saa nane usiku, na alfajiri akapokea mzigo mwingine.

ELIA: Huyo ni mchapakazi. Mpandisheni cheo.

ZUHURA: Ameshapanda. Ripoti ya mwezi huhesabu kazi kwa jina la mtumiaji, kwa hiyo Stoo anaongoza ghala zima, na mkubwa mmoja aliniuliza kwa dhati kabisa kwa nini kijana huyo haletwi vikaoni.

ELIA: Likizo yake je, ameiomba?

ZUHURA: Amwombe nani, wakati msimamizi wa zamu ni yeye mwenyewe? Nenosiri lake limebandikwa kwa selotepu pembeni mwa kioo cha kompyuta, na tarakimu za mwaka zimekatwa kwa kalamu na kuandikwa upya kila programu ilipodai libadilishwe.

ELIA: Dada, pamoja na kicheko chote, mimi naitetea hiyo akaunti moja ya Stoo inayotumiwa na zamu zote. Programu nyingi hutoza kwa kila mtumiaji kwa mwezi, na kibarua wa wiki mbili mara nyingi hana hata barua pepe ya kupelekewa mwaliko.

ZUHURA: Na mifuko ikipotea utamhoji nani? Ferraiolo na Kuhn, wa Taasisi ya Viwango na Teknolojia ya Marekani, walieleza tangu 1992 kwamba ruhusa zifungwe kwenye jukumu, kisha mtu apewe jukumu. Stoo amekuwa mtu na majukumu yote kwa pamoja, ndiyo maana anayepokea mzigo anaidhinisha upungufu wake mwenyewe.

ELIA: Basi mnyang'anyeni idhini, abaki kupokea tu, na wanaoingia zamu wasaini daftari.

ZUHURA: Tumenunua programu ili turudi kwenye daftari? Zipo programu zinazoruhusu kishikwambi kimoja kitumiwe na wengi, kila mmoja akibonyeza namba yake ya siri, bila barua pepe.

ELIA: Kibarua mwenye mikono iliyojaa saruji, malori yakiwa yamepanga foleni getini, atamwambia mwenzake abonyeze namba hiyo hiyo.

ZUHURA: Akiitoa, jina litakalosomeka ni lake, naye atajibu.

ELIA: Yaani hasara ya mfuko uliobebwa na mwingine aibebe mtu wa kutwa? Hapo sikufuati.

ZUHURA: Nami kwenye daftari sikufuati.

ELIA: Fundi wa sauti anatuonyesha saa. Nilitaka kueleza kama timu zipangwe kwa ghala au kwa kazi, nani awe na mamlaka ya kuongeza watu, na kwa nini akaunti ya anayeondoka huzimwa badala ya kufutwa, ili kumbukumbu zake zibaki na jina.

ZUHURA: Hata la kwanza hatuliwahi. Wasikilizaji, tutumieni ujumbe wa sauti mtueleze vibarua wa kwenu wanaingia kwa akaunti ngapi.

ELIA: Na mseme ada hizo za kila mtumiaji analipa nani.