Teleka chini ya paa lako: acha kiota, kisha ongeza sanduku

Mbukwenyi! Leo tuko Nkuhungu, Dodoma, nyuma ya nyumba yangu. Kabla hujashika nyundo, tazama juu, pale kwenye fisha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa. Unaliona lile donge la nyasi na manyoya ya kuku? Hicho ni kiota cha teleka, yule ndege mweusi mwenye kiuno cheupe. Mbayuwayu utamkuta kajipanga kwenye waya wa umeme. Teleka hatui wayani wala tawini, vimiguu vyake ni vya kuning'inia tu. Hata hayo manyoya kayadaka hewani, akayagandisha kwa mate.

Kwa hiyo kwanza, usivunje. Teleka huyu hulala kiotani hata asipokuwa na mayai wala makinda. Mwaka juzi niliita fundi rangi, nikaenda sokoni. Narudi, ukuta unang'aa, viota vitano viko kwenye beleshi. Kosa langu, sikumwambia. Siku hizi napiga mstari wa chaki: rangi iishie hapa.

Nyumba yako haina kiota? Chukua mbao ya inchi moja kwa nane, tupige sanduku: urefu sentimita 40, upana 20, kimo 15. Ndani usipige randa, msasa wala vanishi, kucha zikose pa kushika. Tundu likate karibu na sakafu, upana sentimita 6 na nusu, kimo 3. Sogeza kamera... hapo. Dogo, eeh? Teleka hupita kwa tumbo, njiwa hapiti.

Sanduku lifunge juu kwenye gebo, ule ukuta wa pembetatu chini ya bati, upande usiopigwa na jua la alasiri, maana jua la Dodoma mnalijua. Mbele pawe wazi, pasiwe na mti wala antena: teleka akitoka hujidondosha kwanza, ndipo ashike hewa. Weka mawili matatu pamoja, hawa wanapenda ujirani. Mimi huyafunga Novemba, kumbikumbi wa mvua za kwanza wasije wakapita bure. Subira lakini, langu lilikaa tupu misimu miwili.

Mwenye mitende ya mapambo getini, yaache makuti makavu yanayoning'inia. Kuna teleka mwembamba ambaye hugandisha humo kiota, na mayai pia.

Na ukimkuta teleka chini, usimrushe juu. Mweke kwenye kiganja, nenda mahali peupe, inua mkono, msubiri aondoke mwenyewe.